Kikwazo Namba 417

"Mama, nimeshakwambia mara tatu, hapa ghalani hatusemi 'haipo'," alisema Kihampa. "Tunasema 'imekwazwa'."

"Na mimi nimeshakwambia mara tatu kwamba naiona. Ile pale, rafu ya pili, imefungwa kwa nailoni, juu yake limeandikwa jina la kituo chetu cha afya kwa wino mwekundu. Kitu ninachokiona kwa macho mawili na miwani, kipo."

"Sijakataa, mama yangu. Ipo. Lakini imekwazwa."

"Imekwazwa na nani?"

"Na mataifa ya nje."

"Mataifa ya nje yako wapi humu ndani? Mwenye funguo ni wewe."

Kihampa akazitazama funguo zilizoning'inia kiunoni mwake, kama mtu aliyebambikiwa bila kujua. Si mtu mbaya. Ni mtu mzima mwenye watoto wawili, wote wamezaliwa kituoni kwetu, na yule wa pili alitanguliza miguu. Nilidhani hilo lingenisaidia. Sikujua kwamba shukrani nazo zimekwazwa.

"Jaza fomu," akasema.

"Ipi?"

"Fomu ya Kuomba Kilichokwazwa. Uambatanishe na barua ya mtu anayethibitisha kwamba gasketi ya aina hiyo haipatikani popote nchini."

"Lakini iko hapo nyuma yako."

"Ndiyo maana barua haiwezi kutoka kwangu," alisema kwa upole. "Mimi nimeiona. Tafuta mtu ambaye hajaiona."

Niwaeleze gasketi ni nini, maana huenda baadhi yenu ni waheshimiwa na hamjawahi kufunga kitu wenyewe. Ni mpira wa mviringo, upana wake kama sahani ya pilau. Unakaa kwenye mfuniko wa mtambo tunaochemshia vyombo vya upasuaji. Ukiwepo, mvuke unabaki ndani na vijidudu vinakufa. Usipokuwepo, mvuke unatoka nje, vijidudu vinaoga maji ya moto na kutoka vikiwa na afya njema. Wetu ulipasuka miezi miwili iliyopita. Tangu hapo chumba cha upasuaji cha Kituo cha Afya Kilima Kimoja kimefungwa, na mama mjamzito akikwama tunampeleka makao makuu ya mkoa, mwendo wa saa nane kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo ambayo pia yana maelezo ya kiserikali.

Mimi ni afisa ugavi wa kituo hicho. Nina stashahada ya ugavi. Nilifundishwa miaka miwili namna ya kupata kitu kisichopatikana. Namna ya kupata kitu kinachoonekana haikuwemo kwenye mtaala.

Na nina binti mmoja, anaitwa Tumsifu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari amesema wa pili naye hana njia nyingine. Siku imepangwa, Alhamisi. Siku niliyosimama mbele ya Kihampa ilikuwa Jumanne asubuhi.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote mtakayosoma hapa ni serikali.

*

Nchi yetu sitaitaja, kwa kuwa kibali cha kulitaja jina lake kinachukua siku tisini na mimi nina haraka. Ni nchi nzuri, ina mito, milima, na Mheshimiwa Mkubwa ambaye picha yake hutabasamu kuliko yeye.

Miaka mitatu iliyopita mataifa makubwa yalituwekea vikwazo vya uchumi. Kwa nini, hatukuambiwa sawasawa. Redio ya Taifa ilisema ni wivu. Mwanzoni watu waliogopa, halafu tukaelimishwa, tukaanza kujivuna. Majirani zetu wa kaskazini hawakuwekewa hata kimoja. Wa kusini waliwekewa viwili, tena vidogo. Sisi tuliwekewa arobaini na sita. Mtangazaji aliisoma ile idadi kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Ikaundwa Wizara ya Vikwazo. Jengo lake lina ghorofa kumi na moja, na ndilo pekee nchini ambalo lifti yake inafanya kazi, maana ilielezwa bungeni kwamba ofisi ya vikwazo haiwezi kukwamishwa na vikwazo.

Baada ya hapo maisha yakawa rahisi kuyaelewa. Sukari ilipoadimika, ni vikwazo. Umeme ulipokatika, ni vikwazo. Timu ya taifa ilipofungwa sita bila, kocha alieleza kwamba mabao manne yalikuwa vikwazo na mawili ni uzembe wa kipa, na kipa akafukuzwa. Daraja la mtoni lilikuwa limeanguka mwaka mmoja kabla ya vikwazo, jambo lililoleta ugumu kidogo. Tume ikaundwa, ikakaa hotelini wiki sita, ikagundua kwamba lilianguka kwa kuvihisi vinakuja.

Hata jirani yangu, mumewe alipotea siku tatu, aliporudi akamwambia ni vikwazo. Mwanamke yule hakubishana. Alimwekea na yeye vyake, kuanzia jikoni.

Kisha mwaka huu, Jumatatu moja, redio za nje zikatangaza kwamba vikwazo vyote arobaini na sita vimeondolewa. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba redio za nje zina mafua. Siku mbili nzima yale maghorofa kumi na moja yalikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu elfu nne wameajiriwa mle. Wana madereva. Madereva wana wasaidizi. Ingekuwa ukatili kuwaambia watu kama hao kwamba tatizo limekwisha.

Jumatano, Waziri wa Vikwazo, Mheshimiwa Daktari Lukindo, akaita mkutano uwanja wa mpira. Nilikuwepo, sote tulikuwepo, milango ilifungwa kwa nje.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu wanasema vikwazo vimeondolewa. Sikatai. Lakini mimi, kabla sijawa mheshimiwa, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nawauliza: kuondolewa ni nini? Mama akiondoa sufuria jikoni, ameiua? Hajaiua. Ameipeleka mahali. Kitu kikiondolewa pale, lazima kimekwenda pengine. Sasa vikwazo vimeondolewa kwao. Vimekwenda wapi?"

Mbele yangu mzee mmoja alianza kuangalia chini ya kiti chake.

"Vimekuja kwetu," akasema Waziri. "Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, ndugu zangu, vikwazo vyetu ni vyetu wenyewe. Havitaamuliwa tena na wageni. Vitaamuliwa na wazalendo, kwa utaalamu wa ndani. Na kwa kuwa sasa ni mali ya umma, hakuna atakayenyimwa. Kila mwananchi abebe kikwazo chake."

Vifijo vilichukua dakika kumi na mbili, kama ratiba ilivyosema.

Maneno yale ya mwisho yakachapwa kwenye Gazeti la Serikali yakawa amri. Yakaandikwa kwenye kuta, kwenye madaftari ya shule, na kwenye khanga. Kituo chetu kilikuwa kimeagiza glovu. Tukaletewa khanga mia mbili, na barua ya pongezi.

Halafu ukaja waraka. Mimi nyaraka huzisoma zote, hata zile ambazo waandishi wake hawakuzisoma. Waraka ulisema kwamba kila mzigo unaoingia nchini kutoka nje utahesabiwa kuwa ni kikwazo, utapewa namba, na utatunzwa katika Ghala la Vikwazo la wilaya kwa niaba ya wananchi. Mizigo ilikuwa imeanza kuingia kwa wingi, kwa sababu, kama mnavyokumbuka, vikwazo vilikuwa vimeondolewa. Basi ikawa inashuka bandarini kwa furaha, inapakiwa, inafika wilayani na kuingia ghalani. Na hapo inakaa.

Ndivyo gasketi yetu ilivyofika salama hadi mita tatu kutoka pua yangu, ikiwa na kibandiko cheupe: KIKWAZO NAMBA 417.

*

"Niitie mkubwa wako," nilimwambia Kihampa.

"Anakunywa chai."

"Atakuwa mkubwa wa kwanza kunywa chai akiwa ananisikiliza mimi. Mwite."

Nyuma yangu foleni ilikuwa na watu kama kumi na tano. Mwalimu Sikudhani wa shule ya msingi alikuwa amefuata katoni ya chaki. Mzee Ndimbo alikuwa amefuata betri za kifaa chake cha masikio, na kwa kuwa hazikuwemo masikioni, kila baada ya muda aliuliza kwa sauti, "Wanasemaje?" na Mwalimu Sikudhani alimjibu, "Hawajasema kitu, baba," na alikuwa hadanganyi.

Mkurugenzi Msaidizi wa Uhifadhi wa Vikwazo, Bwana Mzuanda, akatoka na kikombe chake cha chai. Ilikuwa na sukari. Mtu akikaa bila sukari muda mrefu huijua kwa harufu.

"Mama Tumsifu," alisema, "naelewa hisia zako. Umekwazika."

"Mimi sijakwazika. Gasketi ndiyo imekwazika. Nataka uikwazue."

Watu wakacheka. Bwana Mzuanda alingoja kicheko kiishe kama anavyongojwa mgeni aagane na wenyeji.

"Mama, ngoja nikupe picha kubwa. Taifa ni mtambo. Ndani yake kuna mvuke, nao ni matarajio ya wananchi. Mvuke huo ukitoka ovyo, vurugu. Ni nini kinachouzuia? Uvumilivu. Uvumilivu, mama, ndio gasketi ya taifa."

"Basi nipe hiyo ya taifa nikaifunge. Hii ya mpira mbaki nayo."

"Unafanya mzaha."

"Nani kaanza?"

Akanywa chai kidogo. "Tatizo lenyewe hasa ni nini?"

"Binti yangu anafanyiwa upasuaji keshokutwa. Vyombo haviwezi kuchemshwa bila ule mpira."

"Keshokutwa." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya ofisi. "Utaratibu wetu unachukua siku sitini za kazi. Hamwezi kusogeza mbele?"

"Kusogeza nini?"

"Hilo tukio."

"Bwana Mzuanda, wewe una mke?"

"Ninaye."

"Nenda kamuulize kama tukio husogezwa."

"Wanawake wa zamani walivumilia," alisema, na nadhani aliliona mwenyewe lile neno likitoka na angependa kulirudisha, maana foleni nzima ilikuwa ya wanawake isipokuwa Mzee Ndimbo.

"Anasemaje?" akauliza Mzee Ndimbo.

"Anasema tulivumilia," akamjibu Mwalimu Sikudhani.

"Nani?"

"Sisi."

"Aah," akasema mzee, akamgeukia mkurugenzi. "Huyu alizaliwa na nani?"

Simu yangu ikalia. Alikuwa Sista Ombeni, muuguzi mkuu wetu, mtu asiyepoteza maneno.

"Mama Tumsifu, uko wapi?"

"Serikalini."

"Binti yako amekuja na miguu yake, uchungu umeanza. Nimempima. Alhamisi hatufiki. Leo mchana tusipomfungua sisi, itabidi apakiwe garini sasa hivi, na ile barabara mimi na wewe tunaijua. Kovu lake la kwanza halitaki kurushwarushwa."

"Yukoje?"

"Anakutukana kidogo. Yuko vizuri."

"Mlaze ubavu wa kushoto. Mwambie Fundi Chogo afungue mfuniko wa mtambo aweke spana mkononi. Nakuja na gasketi."

"Umeipata?"

"Naiona," nikasema, nikakata simu.

Sasa nitawaambia ukweli. Kwa dakika moja nilisimama pale sina la kufanya. Nilifikiria kuruka kaunta. Nina miaka hamsini na sita na goti moja. Nilifikiria kulia, lakini kulia nako nilijua kuna fomu yake. Nikainua macho juu, kama mtu anavyofanya akitafuta msaada, na msaada ulikuwa umeandikwa ukutani kwa herufi za futi moja, rangi ya bluu, juu kidogo ya kichwa cha Bwana Mzuanda.

Nikausoma mara mbili. Mimi nyaraka huzisoma.

"Bwana mkurugenzi," nikasema, "nina maswali matatu, halafu naondoka. Ile gasketi ni kikwazo au si kikwazo?"

"Ni kikwazo kamili," alisema kwa fahari. "Namba 417. Kimesajiliwa."

"Mimi ni mwananchi au si mwananchi?"

"Bila shaka, mama. Mwananchi mwema kabisa."

"Hapo ukutani pameandikwa nini?"

Kuna sheria kwamba mtumishi wa wizara ile akiulizwa kuhusu kaulimbiu hasemi, anasoma, tena akiwa amesimama wima. Bwana Mzuanda akaweka kikombe chini, akageuka, akakaza mabega.

"Kila mwananchi abebe kikwazo chake," akasoma.

"Ahsante. Nimekuja kubeba changu."

Kihampa akashika funguo zake.

"Mama," akasema Bwana Mzuanda taratibu, "hiyo ni lugha ya mafumbo. Kubeba kwa maana ya moyoni."

"Mheshimiwa Waziri alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Alituuliza mbele ya uwanja mzima kuondolewa ni nini, akatujibu ni kutolewa hapa na kupelekwa pale. Hakusema moyoni. Alisema sufuria. Sasa kama kuondoa ni kuondoa, kubeba ni nini?"

"Ni... inategemea."

"Basi mpigie simu. Mwambie wewe, Mzuanda, wa ghala la wilaya, unaona Kiswahili chake kina kasoro. Nitangoja. Simu yangu ina salio, tumia."

Nikaiweka juu ya kaunta. Hakuigusa. Mwezi uliopita afisa mmoja wa wilaya jirani alikosea kaulimbiu, akasema "abebeshwe". Ilikuwa ndiyo kweli yenyewe, na ndiyo maana sasa anahesabu ndege wahamiao kwenye ziwa ambalo limekauka.

"Mkuu," akasema Kihampa kwa sauti ndogo, "daftari lipo."

"Daftari gani?"

"La Wabebaji wa Vikwazo. Lililetwa pamoja na khanga. Halijawahi kufunguliwa. Makao makuu wanauliza kila mwezi mbona wilaya yetu haina mbebaji hata mmoja. Tumekuwa wa mwisho kitaifa, mkuu."

Niliona jambo likitembea usoni mwa Bwana Mzuanda. Lilianza kama hofu, likapita kwenye hesabu, likatokea upande wa pili likiwa uzalendo.

"Kwa nini sikuambiwa?" alisema. "Kihampa, mama huyu ameitikia wito na wewe unamsimamisha tangu asubuhi? Fungua hilo geti."

Kihampa alifungua kabla sentensi haijaisha. Akaenda rafu ya pili, akarudi ameishika gasketi kwa mikono miwili kama bibi harusi anayekabidhiwa. Nikatia sahihi daftarini, mstari wa kwanza, ukurasa wa kwanza. Nikavua khanga ya serikali mabegani, nikaifunga ile gasketi ndani yake, nikaibeba mgongoni kama mtoto. Kwa nje yalisomeka yale maneno ya Waziri, mbele ya mashahidi.

"Mama," akaninong'oneza Kihampa, "na hawa wote wakifanya hivyo? Ghala likiisha, sisi tutafanya kazi gani?"

"Mtaitafuta. Sisi wengine tumeizoea hiyo kazi."

Nilipokuwa natoka getini, nilimsikia Mwalimu Sikudhani akisogea kaunta, akikohoa kwanza kama afanyavyo darasani.

"Habari za asubuhi. Nimekuja kubeba kikwazo changu. Ni cha chaki."

"Wanasemaje?" akauliza Mzee Ndimbo.

"Baba, nyoosha mkono tu," wakamwambia.

*

Nilifika kituoni nikitweta. Fundi Chogo alikuwa amekaa juu ya ndoo mbele ya mtambo, spana mkononi, mfuniko wazi. Hakuniuliza nimechelewa wapi. Fundi wa kweli haulizi, anapokea. Akaupangusa ukingo, akaukalisha mpira kwenye mfereji wake, akabonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kote, akafunika, akakaza. Sista Ombeni alikuwa tayari ameshaingiza vyombo. Umeme ulikuwepo. Sikuuliza kwa nini.

Tumsifu alikuwa amelala ubavu wa kushoto kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, jasho linamtiririka.

"Mama, ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Nilikuwa namuelimisha mtu."

"Kaelewa?"

"Kasaini."

Mtambo ukaanza kuunguruma. Sote tulitazama mfuniko, hata Tumsifu aligeuza shingo. Sindano ya kipimo ikapanda, ikapanda tena. Fundi Chogo alipitisha kiganja chake kuzunguka ukingo wote, mahali ambapo kwa miezi miwili mvuke ulikuwa ukimuunguza. Akakirudisha kikiwa kikavu. Daktari akaenda kunawa mikono.

"Mama Tumsifu," akasema fundi, akiwa ameinama bado. "Hapa juu ya mfuniko nimebandika kile kikaratasi cheupe kilichokuwa kwenye nailoni, nisije nikakipoteza. Kikwazo namba mia nne na kumi na saba. Ni mali ya serikali. Nikifanyeje?"

"Kiondoe."

Akakibandua, akakishika kwa ncha za vidole.

"Nimekiondoa. Nikipeleke wapi?"

"Jalalani."

Akaenda.